Hatua za Baba

Baba alizibua mabomba ya maji taka ya jiji hili kwa miaka thelathini na mmoja. Alipofariki alituachia daftari lenye madoa ya mafuta. Humo aliandika mahali ilipo kila chemba ya kushukia bombani, kwa hatua zake. Tepu ya kupimia hakuwahi kuwa nayo.

Miezi minne baada ya mazishi walikuja watu wa mradi. Mtaa wetu ulikuwa umejaa watu, na kila mvua iliponyesha uchafu ulifurika hadi milangoni. Walitaka kuunganisha bomba kuu la zamani na mabwawa mapya ya kusafishia maji. Ramani zilishapotea, nikawapa daftari.

Injinia alikuwa mrefu, vibarua walimwita Twiga. Akasoma: kutoka kona ya ukuta wa shule, hatua mia na arobaini. Akatembea akihesabu. Ya mwisho ilimfikisha jikoni kwa mama, mbele ya meko.

"Samahani mama, chemba iko hapa chini. Kesho asubuhi tutavunja." Akachora alama nyekundu ukutani.

Jiko lile baba alilijenga kwa mikono yake. Mama aliyatazama mafiga.

"Kumbe miaka yote napika juu ya choo cha jiji zima," akasema. Vibarua walicheka. Yeye hakucheka.

Hapo nikakumbuka. Utotoni nilikuwa nikimpelekea baba chakula cha mchana, kisha namfuata nyuma nikikanyaga nyayo zake. Mguu wake wa kushoto ulivunjika kabla sijazaliwa. Wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaburuzwa nyuma.

"Injinia, umehesabu hatua zako," nikamwambia. "Ngoja nihesabu za baba."

"Haya dada. Kujaribu si kosa."

Nikaanza ukutani, nikichechemea. Jirani mmoja akauliza kama nimeumia au namdhihaki marehemu. Nikazidi kuhesabu kwa sauti. Nilipofika kwenye nguzo ya umeme nikasikia sauti ya mama kutoka mlangoni.

"Usikimbie. Hapo alikuwa anasimama kuvuta pumzi."

Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikaendelea.

Hatua ya mia na arobaini iliishia katikati ya njia, mbali kidogo na mlango wetu. Wakachimba. Walipofika usawa wa kifua, sururu ikagonga chuma.

Mfuniko ulipoinuliwa, sote tulisogea kuchungulia. Chini kulikuwa na mto. Ulipita ndani ya tao la matofali, hakuna hata moja lililong'oka, ukinguruma taratibu kwenda gizani. Maji ya kila beseni, kila bafu, ya waliozaliwa na waliooshwa mara ya mwisho, yalikuwa yakipita pamoja chini ya miguu yetu, na sisi juu tukiuza nyanya na kugombana.

Twiga alivua kofia yake ngumu. "Nani alikuwa anashuka humu?"

"Baba. Kwa kamba na tochi."

Mama alikuja akainama ukingoni. Nilidhani ataziba pua. Akatega sikio.

"Basi ndiko alikokuwa akishinda," akasema.

Jioni aliifuta alama nyekundu kwa kitambaa chenye maji, akainjika chai. Nilichukua ufagio nisafishe udongo uliotapakaa njiani, akaninyang'anya. Nyayo zangu bado zilikuwepo kutoka ukutani, moja nzima, moja ya kuburuza.

"Hizo ziache," alisema. "Mvua itazifuta yenyewe."