Reli ya Mzee Anselmi

Lori lilikuwa limeshavuka mto Mkondoa, na kambi ya katani imeshapotea nyuma ya vumbi, ndipo dereva alipogundua kwamba Mzee Anselmi amepanda na kipande cha reli. Akasimamisha gari, akaja nyuma kuuliza chuma kile ni cha nini, maana yeye aliambiwa apakie watu, magodoro, sufuria na kuku. Anselmi hakuinuka. Alikuwa ameikalia reli yake kama mtu aliyewahi nafasi kanisani, nyundo iko mapajani. Akasema reli ikishuka na yeye anashuka, na watu arobaini waliomo humu wanashuka pia. Sikumbuki sisi arobaini tuliulizwa lini. Dereva alitutazama kidogo, akarudi kwenye usukani.

Ilikuwa Agosti 1974. Shamba la mkonge tulilolifanyia kazi upande wa Kimamba lilikuwa limefungwa, na serikali inatuhamishia kijiji kipya cha ujamaa kwenye njia ya Mikumi. Kijiji kiliitwa Tuungane.

Niieleze hiyo reli. Nyuzi za katani zikikauka hushika moto upesi kuliko nyasi, kwa hiyo shamba lilikuwa na kikosi chake cha zimamoto. Tulikuwa tisa, kila mtu na namba yake, na ndoo nyekundu za mchanga, na pampu moja ya kusukuma kwa mikono. Anselmi, mtu wa Songea, alikuwa namba moja, ndiye mpiga reli. Mimi, Lupakisyo, nilitoka Tukuyu na darasa la pili na mengine niliyookota njiani, nikaingia mwaka 1959 nikawa namba saba. Kikazi hatukuitana majina. Mpaka leo nikisikia mtu anataja saba sokoni huwa nageuka.

Kazi pale shambani iliitwa kwa honi ya kiwandani. Reli, iliyotundikwa kando ya ghala na kugongwa kwa nyundo, ilikuwa ya kuita watu kwenye moto tu. Hata siku ya Uhuru, wenzetu wanacheza ngoma, kuna aliyetaka kuigonga kwa furaha, na Anselmi akamshika mkono. Sisi tisa tulishinda kando ya ghala na ndoo zetu, tunaona Uhuru kwa mbali.

Sheria ya pili ilikuwa hii: anayepiga reli haiachi mpaka watu kumi wamefika. Sheria hiyo ilizaliwa kabla yangu. Mtu mmoja wa kikosi aliona moto, akapiga mara mbili tatu, akatupa nyundo akakimbilia kuuzima peke yake. Watu wakadhani ni watoto wanacheza. Ghala zima likaenda. Tangu hapo Anselmi alitufundisha kwamba mtu mmoja hazimi moto, anaita tu.

Tuungane tulijenga nyumba za nyasi kwa mistari iliyonyooka, kama ilivyochorwa, hatua kumi toka nyumba hadi nyumba. Anselmi alichimbia nguzo mbili katikati akatundika reli yake. Wa kikosi cha zamani tulikuwa tumebaki yeye na mimi tu. Mwenyekiti wetu alikuwa Cornel, kijana aliyepata kuwa karani wa chama cha ushirika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba la ujamaa la kufyeka na watu wasioamka, na honi hana. Wiki ya pili akaigonga reli kutuita shamba.

Anselmi alimfuata hapohapo, mbele yetu.

"Ndugu mwenyekiti, hiyo ni ya moto."

"Moto wenyewe uko wapi, mzee?"

"Haujafika."

"Basi ukiwa njiani, acha tulimie kwanza."

Tulicheka, na mimi nilicheka.

Anselmi alimletea ringi ya gurudumu la lori iwe ya mikutano. Cornel aliijaribu siku mbili, watu wa mstari wa mwisho wakasema hawaisikii. Hata ungewapigia masikioni wangesema hawaisikii. Mwisho wakaelewana: mapigo ya polepole ni kazi, mapigo ya haraka yasiyokatika ni moto. Anselmi alikubali kwa shingo upande.

Makubaliano yalidumu mpaka siku wageni wa wilaya walipokuja kuona shamba na shambani hakuna mtu. Cornel akapiga haraka haraka. Tulitoka mbio na ndoo. Magreti, jirani yangu, alikuja na sufuria ya maharage ameishika kwa kanga, amwagie moto mchuzi. Tukamkuta Cornel chini ya reli na daftari, anaandika majina.

"Kumbe mnasikia," akasema.

Anselmi alikuwa na ndoo ya mchanga. Aliumwaga pale chini ya miguu ya mwenyekiti, taratibu, mpaka ndoo ikaisha, akaenda zake nyumbani.

Cornel alirudia mchezo ule mara mbili. Mara ya pili tulikwenda wachache. Mara ya tatu sikuvaa hata viatu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, jua kali, upepo unatoka upande wa Mikumi. Asubuhi tulishafyeka shamba. Nilikuwa kivulini nakata makubazi ya tairi, na Petro, niliyekaa naye nyumba moja, amelala kwenye mkeka. Reli ikalia, haraka haraka.

"Leo huyu Cornel hana haya kabisa," Petro akasema, akageukia ukuta.

Nikasema siendi. Reli ikaendelea.

Hapa ndipo pamenifanya niandike. Mkono wa Cornel niliujua: unaanza kwa nguvu, unachoka, unaruka pigo. Mkono uliokuwa unapiga haukuruka. Nilikaa na mkono ule miaka kumi na tano. Niliutambua nikiwa na kisu kwenye tairi, nikajiambia Cornel amejifunza kupiga. Nikaendelea kukata.

Moto ulianzia jikoni kwa Letisia. Letisia, mjane, alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji, na mama yake, Bibi Yudith, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena, alikuwa ndani. Toka kwenye reli mpaka mlango wao ni hatua themanini. Nilizipima baadaye.

Tulitoka moshi ulipotufikia puani. Mimi na Petro tulikuwa wa kwanza. Anselmi alikuwa bado anapiga, na paa la Letisia lilikuwa limeshashuka. Alipotuona alitupa nyundo akatupita, na ni yeye aliyeingia kumtoa bibi, ila bibi alikuwa amekwisha kufa. Nyumba sita zilikwenda. Mtu alipanda baiskeli mpaka kambi ya wajenzi wa barabara Mikumi, na gari lao la maji likafika saa kumi na moja jioni, likamwagia majivu.

Baada ya maziko tulikaa mkutano. Hakuna aliyepiga chuma kutuita, tulikuja wenyewe. Cornel aliuliza lililokuwa kwenye vichwa vya watu: mzee alikuwa hatua themanini tu, kwa nini alisimama anapiga chuma badala ya kuingia? Letisia naye alikuwa anamtazama akingoja jibu.

Anselmi alisimama. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa.

"Huwa nahesabu," akasema. "Kambini sikuwahi kufika mia mbili kabla ya watu kumi. Juzi nilifika mia tatu, nikajua hamji. Nikasema nikiacha, ndiyo hamtakuja kabisa. Nilifika mia tisa."

Akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa namngoja Saba."

Wengi hawakujua Saba ni nani. Petro alijua, akatazama chini. Nilitaka kusimama niseme kitu, nikakaa.

Cornel ndiye aliyesema kwamba reli tangu leo ni ya moto tu, na kwamba aliyeiharibu ni yeye. Alisema mbele ya watu wote, na lazima niliseme hilo kwa ajili yake. Akamletea Anselmi nyundo. Anselmi hakuipokea. Alisema yeye atafundisha, lakini kupiga hapigi tena. Nyundo ikabaki mkononi mwa Cornel, hakuna anayeitaka, mpaka Letisia aliponyoosha mkono akaichukua.

Nyumba sita zilijengwa upya, hatua ishirini toka nyumba hadi nyumba, na mchoro wa wilaya haukufuatwa. Anselmi alifundisha kikosi kipya, wanawake watano na wanaume wanne, na Letisia ndiye namba moja. Mwaka 1979 alihamia Magole kwa binti yake, akafa mwaka uliofuata. Cornel alinunua filimbi ya mwamuzi wa mpira akawa anaitia watu kwa hiyo. Baadaye alirudia ukarani, na zaidi ya hapo sijui. Petro alibaki Tuungane akaoa. Magreti aliuza maharage kituo cha basi Mikumi mpaka uzee. Letisia alishika nyundo miaka kumi na minane. Katika miaka hiyo alipiga reli mara nne, na mara zote nne palikuwa na moto na watu walikuja. Alipofariki, watu wa zimamoto wa mkoa walikuja kuomba reli ile wakaiweke kituoni kwao, pamoja na kofia kuukuu na ndoo. Iko karibu na mlango. Kibao chake kinasema ilitumika kuitia watu kazini. Nimewaeleza mara mbili kwamba ilikuwa ya moto, na kijana wa zamu aliandika jina langu. Mimi niliondoka Tuungane mwezi mmoja baada ya moto, na mengi ya hayo niliyapata baadaye kwa Petro; nikapita Kidatu, Makambako, Chunya na kwingine. Sasa nimepanga chumba Mabwerebwere.