Mzigo wa Sindano

Fundi cherehani huyu walimwita Sindano, na jina lilimkaa: kazi yake sindano, umbo lake sindano. Hakuwa na mume, aliishi kwa dada yake mkubwa, na siku zilikwenda bila makuu mpaka alipopewa kazi ya gauni la harusi.

Gauni lilikuwa jeupe, na paa la duka lake lilivuja. Kuliacha dukani usiku hakuthubutu. Kulishika mkononi ndani ya treni ya kwenda na kurudi kazini, katikati ya viatu na vikwapa vya watu, ni sawa na kulipigia deki. Basi alilikunja, akalifunga ndani ya shuka safi, akajifunga shuka lile tumboni, akavaa koti juu yake na kukaza vifungo. Mikono ikabaki huru. Akajiona mjanja kuliko mafundi wote wa mji ule.

Asubuhi ya kwanza tu, fundi bomba mmoja, mwanamume mpana mwenye mfuko wa spana, alinyanyuka alipomwona.

"Kaa, dada," akasema. "Una mzigo."

Sindano alistaajabu, maana alidhani ameuficha vizuri. Akashukuru, akakaa, akaukumbatia mzigo wake kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa gauni lisijikunje.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku zilizofuata. Fundi bomba alikuwa akisimama hata kabla treni haijatulia. Hasemi mengi, anapisha tu, kisha anageukia dirishani kama mtu mwenye deni na dirisha. Sindano akaanza kuitazama shingo ile pana kwa nyuma, na akaanza kupaka mafuta mazuri asubuhi.

"Siku hizi unajipamba hivi," dada yake akamtania, "unakwenda kupanda treni au kupanda jukwaani?"

"Kuna mtu ananipa kiti."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi dalili ya mvua ni mawingu, mdogo wangu. Mwanaume hasimami kila siku kwa kupenda kusimama."

Maneno hayo yalimwingia Sindano kama uzi kwenye tundu. Alikuwa amejizuia asitumaini jambo lolote, na sasa akatumaini waziwazi, mpaka akawa anaona Jumapili ndefu kwa kuwa haina treni.

Huku gauni likazidi kunenepa. Lilitiwa bitana, yakaja marinda, juu yake shanga, na koti la Sindano likaanza kulalamika vifungoni. Bibi mmoja mwenye miwani, aliyekaa siku zote kiti cha kando yake, alimtazama kwa huruma.

"Mzigo unakua, mwanangu."

"Unakua, bibi. Mgongo wote unauma."

"Ni wa kwanza?"

"Si wa kwanza, ila mkubwa namna hii sijapata."

"Na mwenyewe anakusaidia?"

Sindano akamfikiria bibi harusi, akaguna. "Mwenyewe kazi yake kupiga simu tu. Tayari? Bado? Mbona unachelewa?"

"Ndio zao," bibi akasema, akatikisa kichwa. Fundi bomba, pale dirishani, naye akatikisa kichwa.

Ijumaa moja Sindano akawatangazia kwa furaha kwamba kesho anautua. Behewa zima likamwombea heri. Mpaka mkata tiketi akamwambia, "Utue salama, dada," na Sindano akafikiri moyoni kwamba kumbe watu wanaheshimu ushonaji kiasi hiki.

Jumatatu akapanda treni mwepesi, koti wazi, kiuno kimerudi mahali pake. Fundi bomba akanyanyuka upesi kuliko siku zote. Sindano akakaa. Bibi akamkodolea macho juu ya miwani.

"Umetua?"

"Nimetua, bibi. Salama kabisa."

"Na leo hii uko kwenye treni? Haya. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, bibi. Mwanaume gani atavaa shela?"

Behewa zima likageuka. Bibi akavua miwani. Sindano akamtazama bibi, akalitazama tumbo lake, akayakumbuka mazungumzo yote moja baada ya jingine, na uso ukamwaka moto.

"Lilikuwa gauni," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimelifunga hapa. Gauni la harusi la watu."

Kicheko kilichopasuka kilimfanya mkata tiketi aje mbio kutoka behewa la pili. Bibi alicheka mpaka akajishika kiuno. Sindano naye alicheka, lakini moyo ulikuwa umemshuka. Kumbe hayakuwa mawingu ya mvua yoyote. Mtu alikuwa anampisha mama mjamzito, basi, na yeye akapaka mafuta.

Akasimama. "Kaka, rudi ukae. Nimekula kiti chako bure. Sina mimba, sijazaa, hata mume wa kunizalisha sina."

Watu wakazidi kucheka. Fundi bomba hakucheka. Akakaa kweli, mfuko wa spana magotini, na Sindano akashika chuma cha juu akajifanya anatazama nje, macho yakimchoma.

"Na yule mwenyewe?" fundi bomba akauliza taratibu. "Wa kupiga simu?"

"Huyo ndiye bibi harusi. Ameolewa juzi Jumamosi."

Fundi bomba akafikiri kidogo. Kisha akanyanyuka tena.

"Kaa," akasema.

"Nimeshakwambia sina mzigo."

"Nimesikia. Siku zote zile nilikuwa nampisha mtoto." Safari hii hakugeukia dirishani. "Leo nakupisha wewe."

Sindano akakaa, na mikono yake asijue aiweke wapi.