Neno Lililobaki

Kiharusi kilipompitia Mwalimu kilizoa maneno yote kikamwachia moja: ventana. Majina ya watoto yalikwenda, lugha aliyozaliwa nayo ikaenda, hata "ndiyo" na "hapana" hazikubaki. Ilibaki nomino ya Kihispania, lugha aliyoifundisha mpaka akastaafu, na ambayo hakuna mwingine mle nyumbani aliyeijua.

Binti yake mkubwa alikuwa na duka la dawa. Walimwita Mizani, kwa kuwa hakuamini kitu asichokipima. Wengine walipokuwa wakilia, yeye aliteremsha kamusi ya baba yake kutoka kwenye rafu na kulitafuta neno. Ventana: nomino, jinsia ya kike, dirisha. Pembeni, kwa penseli, Mwalimu alikuwa amewaandikia wanafunzi wake maelezo: v hii hutamkwa kama b, midomo ikutane, meno yakae mbali, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, asili yake ni neno la upepo. Mizani alisoma mara moja akaifunga kamusi. Mzee anataka dirisha, basi.

Likafunguliwa. Mwalimu akasema ventana. Likafungwa, akasema ventana. Pazia liliondolewa, kitanda kikasogezwa hadi godoro likagusa ukuta, na neno likawa lile lile. Ndipo shangazi, dada yake Mwalimu, aliposema kosa ni la dirisha lenyewe: lilikuwa la kuchungulia, si la kutazamia, na kaka yake tangu utoto hakupenda vitu vya nusunusu. Fundi akaitwa. Mgonjwa akahamishiwa sebuleni, ukuta ukabomolewa, nyumba nzima ikala vumbi. Kazi ya ukuta ilipokwisha Mwalimu alirudishwa mbele ya dirisha pana kama la duka. Alilitazama, akasema ventana.

Fundi alijipangusa uso akauliza mzee anasemaje.

"Anasema lile lile," shangazi akamjibu.

"Basi mwambieni ukuta umekwisha. Akitaka jingine nitaanza kutoboa paa."

Walicheka mpaka shangazi akashika kiuno. Hata Mizani alicheka. Lakini sahani ya mchana ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Mizani usingizi. Baba hali chochote. Kijiko kikikaribia alitamka neno lake na kugeuza uso, na shati la kulalia lilianza kumning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini. Daktari alimpima koo akalikuta halina hitilafu. Anaweza kumeza, hataki. Kuhusu neno, alisema maneno mengine husalia hivyo tu, kama kufuli linalookotwa nyumba ikishaungua; halina tena linachokifunga. Mizani akamuuliza, kama ni hivyo, mtu atajuaje mgonjwa anataka nini. Daktari akataja mpira wa kulishia, unaopitishwa puani, na angerudi nao wiki ijayo mambo yasipobadilika.

Mwalimu alikuwa ameuona mpira huo kwa mkewe, siku za mwisho. Baada ya maziko alimketisha Mizani akamwambia, akiwa na akili na ulimi timamu, kwamba yeye asije akawekewa. Mizani aliahidi. Kuahidi kulikuwa rahisi siku ile, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa alikuwa akila vizuri.

Jumapili alikaa na bakuli la supu mapajani. Kijiko kikapanda, neno likatoka, uso ukageuka. Kwa uchovu tu, Mizani alimrudishia: "Ventana."

Mkono wa kushoto, ule mzima, uligonga ubao wa kitanda mara mbili.

Aliujua mlio huo wa vidole. Utotoni, akimngoja baba yake nje ya darasa, aliusikia kila alasiri. Mwalimu hakumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Aligonga meza, akalitamka neno upya, akangoja. Ukipatia, aliinua kidole cha shahada, na sifa zako zimeishia hapo. Mizani aliikumbuka ile penseli pembeni ya kamusi. Akakutanisha midomo, akaweka meno mbali, akalisema tena.

Kidole kikapanda. Kijiko kilipomfikia, Mwalimu alifungua mdomo akameza.

Shangazi, aliyekuwa akikunja shuka mlangoni, aliiachia ikaanguka. Hakuna aliyeiokota. Mizani alisema tena, baba akameza tena. Hapo Mizani akafanya alilolizoea maishani: akarudia jaribio bila kubadili chochote. Midomo ile ile, mkazo ule ule, kijiko kwa kiasi kile kile.

Ubao ukagongwa mara mbili.

Akarudia. Ukagongwa. Akadhani sauti yake imetetemeka; akanywa maji, akarudia, ukagongwa. Mwishowe alilikosea makusudi, meno yakigusa mdomo, na kidole kikainuka. Alipoleta kijiko, uso uligeuka ukutani.

"Mbona ulikuwa umelipata?" shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Liseme kama ulivyolisema mwanzo."

"Nimelisema kama mwanzo, shangazi."

Shangazi akainama kuokota shuka. Mvua ilianza kuingia kwa dirisha jipya, fundi akiwa bado hajaleta vioo, na maji yakalowesha mguu wa kitanda. Mizani hakuinuka. Supu ilikuwa imeganda juu. Aliikoroga, akachota kijiko, akakishika karibu na mdomo uliofumbwa.

"Ventana," alisema Mwalimu, taratibu, kama mtu anayeanza somo.

"Ventana, baba," alisema Mizani, akautazama mkono.