Biskuti Nje ya Duara

Kwa uchawi, Marlys Haugen hakuwa na mpinzani kuanzia mto Mississippi hadi uwanja wa ndege wa Minneapolis. Hilo alilitamka mwenyewe, kifua mbele, halafu akaongeza kwamba wachawi wenzake anaowajua upande ule ni wawili tu, na mmoja ameikimbia baridi, yuko Florida anaota jua.

Aliyebaki ni Verna, na Verna alikuwa mtu wa sheria. Mshumaa haupulizwi kwa mdomo. Duara la ibada huzungukwa kwa kufuata mwendo wa jua, na likishafungwa hakuna kutoka mpaka ukate mlango hewani kwa kisu cha ibada, upite, kisha uufunge nyuma yako, hata kama kibofu kinakuita. Na kibofu cha uzeeni huita. Sebule ya Marlys ilikuwa finyu, ghorofa ya nne. Duara lilimeza sofa, meza na nusu ya kabati, choo kikabaki nje.

Jumamosi ile mchana walikuwa na sikukuu yao ya Februari, ya kuuamsha mwanga. Theluji imejaa dirishani, Marlys ana raha zake. Kilichomtia hofu ni kimoja, king'ora cha moshi. Kilikuwa kimeshalia mara mbili, kwanza kwa majani ya kufukizia, pili kwa pazia lililobusu mshumaa. Duane, msimamizi wa jengo, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kikilia tena itabidi amwarifu mwenye nyumba, na mwenye nyumba atamtoa. Atalipata wapi tena dirisha ambalo mwezi huingia mpaka kitandani bila kubisha hodi? Kwa hiyo mishumaa ya leo ilikuwa ya betri.

"Mungu wetu wa kike anataka moto, wewe unampa tochi," Verna alinung'unika.

"Atazoea, shoga. Mbona mimi nimezoea meno ya bandia."

Wakanyunyiza chumvi kwenye zulia, wakafunga duara, wakaanza kuziita pande za dunia. Walipofika magharibi Marlys akanusa.

"Verna. Biskuti."

"Zimefanyaje?"

"Ziko kwenye oveni."

"Basi kata mlango ukazitoe."

"Kisu kiko jikoni. Nilikatia siagi."

Verna alimtazama kama mtu aliyemfuma padri akipengea kamasi kwenye kitambaa cha madhabahu. "Kisu cha ibada. Siagi."

"Nilikiosha. Ngoja nikate kwa kidole."

"Kidole si kisu."

"Haya, basi nivuke hivi hivi."

"Vuka uone. Mimi simo."

Wakiwa bado wanabishana nani abebe dhambi, king'ora kikapasua masikio, na muda si mrefu Duane akafungua mlango kwa ufunguo wake wa akiba. Alikuwa mwanamume wa makamo, tumbo limemtangulia. Aliitazama chumvi, akajipenyeza nyuma ya sofa, kitambi kikisugua ukuta, akisema hataki kuchafua zulia. Akazima oveni, akafungua dirisha, akakipepea king'ora kwa taulo hadi kikanyamaza.

"Bi Marlys, hii ni ya tatu."

"Ni biskuti, Duane. Mishumaa ni ya betri, shika uone."

"Mwenye nyumba ataniuliza kama mlikuwa na mambo yenu."

"Mambo gani?"

"Haya haya. Mimi siyajui, na sitaki kuyajua. Mimi ni Mlutheri. Nitamwambia nilichokiona: moshi, chumvi na wazee wawili."

"Mzee mmoja," alisema Verna.

Marlys hakucheka. Alikuwa anaangalia dirisha lake.

"Pita hapa katikati," akamwambia kinyonge. "Kule nyuma utakwama, tuje tukutoe kwa mafuta ya kupikia."

Duane akaenda, kichwa chini, akionekana anapanga maneno ya kumwambia tajiri wake. Kwenye ukingo wa chumvi akasimama. Akainua ule ufunguo, akachora hewani kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake na kushuka upande wa pili. Akaingia. Akageuka, akaufunga mlango ule wa hewani. Hakukatiza moja kwa moja, akaizunguka meza kwa kufuata jua mpaka ng'ambo, akachora tena, akatoka, akafunga nyuma yake, akashika kitasa.

Marlys akajiachia taratibu kwenye sofa, moyo umemtulia kama paka aliyeshiba.

"Duane," alisema, "huko kwenu Ulutherini ndivyo mnavyotoka kanisani?"

Masikio ya Duane yakawa mekundu. Akautazama ufunguo mkononi kana kwamba ndio uliomponza.

"Tajiri nitamwambia ni biskuti tu," alisema. "Hilo jingine niliona kwenye televisheni."

"Kwenye televisheni," Verna akasema, "huwa hawafungi mlango nyuma yao."