Goti la Yusra

...maji yenyewe yamekuwa ya moto, nani kayaacha juani, nayanywa hivyohivyo kwa sababu kocha Chirau ananitazama kutoka nyuma ya benchi na hapendi nitupe kitu kwa hasira mbele ya watu, kunywa, jifute jasho, usimwangalie mwenzio, ndivyo alivyonifunza tangu raketi ikiwa ndefu kunishinda... nami namwangalia, Yusra, upande wa pili wa kiti cha mwamuzi, ameinama kama anayefunga kamba za viatu, kamba zimefungwa, ameshika goti la kushoto, na katika uwanja huu mzima wa hoteli, watalii na kofia zao, watu wetu waliotoka Kinondo kuja kutuona, ni mimi peke yangu ninayejua goti lile lina nini, maana aliniambia mwenyewe asubuhi, tukinawa uso, "Dada, daktari kasema likigeuka tena, tenisi basi, na huenda hata kutembea nikatembea kwa shida, nimekwambia wewe tu," wewe tu, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja, mamake alipougua baada ya kumzaa, mama yangu alimchukua akamweka titi la pili, na tangu hapo kwa dini na kwa desturi huyu ni ndugu yangu, hawezi kuolewa na kaka yangu, hawezi kunificha neno, na mimi nikamwambia pole, nikamshika bega, na mkono ungali begani kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kupanga, mpira mfupi, karibu na wavu, kushoto, aje mbio, asimame ghafla, ageuke... Mungu wangu, begani mwake, wakati huohuo... na bado sijaucheza, seti ya kwanza yangu, ya pili yake, hii ya tatu anaongoza, anaongoza kwa goti moja, mimi nambari moja wa Kenya nafukuzwa na mtu wa goti moja, na atakayeshinda leo ndiye atakayekwenda nje kuivalia Kenya, mwengine arudi nyumbani akapigiwe simu za pole. Kila mtu ana kidonda, Subira, Chirau husema hivyo, kazi yako ni kukijua kilipo, na usimwitikie salamu unayekwenda kumfunga, ukimwitikia umempa nusu ya mchezo, mama alikuwa akiona haya, mtoto wa Kiislamu anapitaje salamu ya mtu kama hakuisikia, jioni ananishika mkono tunakwenda kuomba msamaha mlango kwa mlango, na kesho yake Chirau ananifunza upya, Chirau aliyeanza kwa kuokota mipira ya wageni hapahapa Diani, asiye na mke wala mtoto, alicho nacho chote kakitia katika mkono wangu wa kulia, siku nilipomfunga yule msichana wa Ukunda hata gemu moja asipate, akalia mpaka akatapika, Chirau alininunulia viazi karai akasema, "Sasa umekuwa," na nilikula vyote, vilikuwa vitamu, nikajiambia ukatili ni wake, mimi natii tu, mtoto huonywa akatii...

"Subira." Ameinama sikioni, harufu ya tangawizi na kahawa. "Naam, kocha." "Lile goti nimeliona." Haya sasa, aseme yeye, akisema yeye nitafanya na dhambi itakuwa kwake. "Usimchezee kule. Mzungushe nyuma kwenye mstari, umchoshe polepole." Nini? "Na nikishindwa?" "Ukishindwa tutakuja tena mwakani. Mtazame mamako pale, mwanangu." Natazama, mama yangu na mama yake Yusra wamekalia leso moja, wanagawana kashata, mama ananiinulia mkono, au anatuinulia sote wawili, sijui... nangoja moyo upoe, ningepaswa kushukuru, badala yake nimekasirika, mzee huyu ameanza lini kuonea watu huruma, na kwa nini leo, na kumbe Yusra alisema na jingine asubuhi, akiwa mlangoni, "Tuwiane radhi, dada, lolote litakalotokea mle ndani nimeshakusamehe, duniani na akhera," maneno tu ya watu wetu, husemwa na mtu anayekwenda Msambweni kuuza kuku, hakuwa na maana yoyote, lakini kayasema kwa mdomo wake, nami nikaitikia, basi kumebaki nini, hakuna anayenidai kitu, kocha kaniachia, ndugu kanisamehe kabla, na mkono bado unautaka ule mpira, unautaka peke yake bila kutumwa, kumbe sikuwa namtii mtu miaka yote hii, mimi na kocha tulikuwa wawili tunaopenda chakula kimoja, yeye leo ameshiba na mimi bado nina njaa. Mwamuzi anatazama saa, hajaita. Yusra hajaliachia goti. "Umenisikia, Subira?" na sauti yake ina kitu ambacho sijawahi kukisikia, ananiogopa, Chirau ananiogopa, na nimefurahi, Mungu anisamehe, nimefurahi... "Nimekusikia, kocha," nasema kwa adabu zote, naiweka chini raketi niliyokuwa nikichezea, na kutoka mkobani natoa ile nyengine, yenye nyuzi zilizolegezwa kwa mipira mifupi, aliyonifungia kocha mwenyewe jana.