Mgeni wa Bibi Redio

Siku kibali chake cha kazi kilipoisha muda, Mama Pacha alivua sare, akaikunja vizuri na kumkabidhi msimamizi wa nyumba ya wazee. Miaka yote aliyofanya kazi pale, akiwaogesha wazee, akiwalisha na kuwageuza vitandani, hakuwahi kumwona msimamizi yule akipokea kitu kwa mikono miwili. Siku hiyo sare aliipokea hivyo.

"Ombi la ukaazi wa kudumu wanalo, wanalishughulikia," Mama Pacha alimweleza. "Na nimeomba kibali cha muda, kile cha kufanyia kazi wakati nasubiri. Sasa na chenyewe nakisubiri."

"Yaani unasubiri kibali cha kusubiria," msimamizi akasema, na wote wawili wakajikuta wanacheka, ingawa Mama Pacha alikuwa na machozi ya karibu.

"Nafasi yako simpi mtu," msimamizi akaendelea. "Nitachukua vibarua wa kushikizia. Lakini mpaka kibali kitoke, usiguse kazi hapa, hata ya kujitolea. Wakikukuta, ombi lako limeharibika, na mimi nimekwisha."

Nyumbani Mama Pacha hakukalika. Alisugua sufuria zilizokwisha kutakata, akapanga kabati, akalipangua. Mume wake, dereva wa gari la kusambaza mikate, ambaye kibali chake kilikuwa bado na uhai, kila akirudi alikuta viti vimehama.

"Mke wangu," alimwambia, "kesho tafadhali mlango niukute palepale."

Kisha simu ikalia. Alikuwa Bibi Redio, mzee wa chumba cha mwisho kule kazini, mshonaji wa zamani wa magauni ya harusi. Wahudumu walimpa jina hilo kwa sababu akishaanza kuongea hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Nasikia wamekukataza kazi," Bibi akasema. "Wamekukataza na kutembelea watu?"

"Hapana, bibi."

"Basi njoo Jumamosi. Wenzangu wote wanapata wageni, mimi natazama ukuta."

Akaenda. Alivaa gauni la kutokea, akapita mlango wa mbele ambao hakuwa amezoea kuupita, akaketi kwenye kiti cha wageni. Kibarua mmoja akamletea chai. Mama Pacha aliipokea kwa haya, kama mkwe siku ya kwanza. Shali ya Bibi ikateleza begani, naye akaruka kuirudisha.

"Mgeni, kaa!" msimamizi akafoka kutoka mlangoni.

"Ebo! Mjukuu hawezi kuniokotea shali?" Bibi akamjia juu.

Msimamizi akafikiri. "Shali sawa. Vidonge na kitanda, hapana."

Tangu hapo alikwenda kila Jumamosi. Bibi alipoona mikono ya mgeni wake haitulii, akamwambia alete nguo za watoto. Akamfundisha kushona pindo lisiloonekana upande wa nje. Mama Pacha alilijua lile goti bovu la Bibi na ule mgongo wake, lakini hakuwahi kukaa akasikia hadithi yake hata moja mpaka mwisho. Siku zote alikuwa na kengele ya kukimbilia. Sasa alisikia habari za maharusi waliolia, waliotoroka, na mmoja aliyenenepa wiki ya mwisho hadi gauni likafumuliwa kanisani, na alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Jumamosi moja, uzi ukiwa mdomoni, simu yake ikatoa mlio. Alisoma, akarudia, hakuamini. Akamwita msimamizi.

"Unaruhusiwa kufanya kazi wakati ombi lako la ukaazi likiendelea kushughulikiwa," msimamizi akasoma kwa sauti. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Jumatatu, zamu ya asubuhi. Na usinichelewee."

Mama Pacha akamkumbatia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu. "Ahsante. Umenitunzia riziki yangu, wakati ungeweza kabisa kumpa mwingine."

"Haya, haya, utanivunja mbavu."

Bibi Redio alikuwa amenuna. "Mmeninyang'anya mgeni wangu."

Mama Pacha akapiga magoti kando ya kiti chake, akamshika mikono. "Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika, bibi. Nitakuja. Bila wewe ningeshapata kichaa."

"Usipokuja nitajua," Bibi akasema, akageuza uso upesi ili machozi yasionekane.

Jioni mume wake aliposikia, alizima jiko, chakula kikiwa hakijaiva sawasawa. "Tushukuru kwanza," akasema. Wakasimama wote wanne jikoni, wao na mapacha wao, wameshikana mikono.

"Kwa hiyo sasa sisi ni watu wa hapa?" mmoja wa mapacha akauliza walipomaliza.

"Bado, mwanangu. Hilo hawajaamua," Mama Pacha akajibu, na kwa mara ya kwanza neno bado alilitamka akitabasamu. "Lakini Jumatatu mama anakwenda kazini."