Mawe ya Kupimia Yaliyobaki Koridoni

Kampuni yetu inatengeneza mizani za maabara, zile ndogo zenye nyumba ya kioo, ambazo ukizipumulia tu namba zinacheza. Mimi nazifungasha. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nakata sponji, nabana kona, nafunga kamba, na sijavunja hata kioo kimoja. Binti yangu, ambaye wenzake wanamwita Nukta kwa kuwa hapitishi kosa hata liwe dogo vipi, ndiye fundi wa kuzisawazisha.

Mwaka huu wakubwa waliuita mwaka wa ziara za utafiti. Kila mwezi gari liliondoka kwenda kwa watafiti wanaotumia mizani zetu, eti kujifunza kazi zao. Walijifunza maporomoko ya maji, wakajifunza makumbusho, wakajifunza chemchemi ya maji moto. Wakirudi tunaonyeshwa picha. Katika picha arobaini nilizoziona, mtafiti alikuwa mmoja, naye amekatwa kichwa. Tulicheka, tukarudi kazini.

Ziara ya mwezi wa nane haikunichekesha. Ilikuwa ya kupeleka mizani mpya kwenye maabara iliyo juu mlimani, na Nukta alikuwemo kwenye orodha. Ilikuwa lazima awemo. Mizani ukiitoa bondeni ukaipandisha mlimani, haisomi tena uzito uleule. Inabidi isawazishwe upya pale pale itakapotumika, kwa mawe ya kupimia ya chuma, yanayoshikwa kwa kibano. Hilo hata mimi niliyeishia darasa la saba nalijua.

Asubuhi ya safari akatokea shemeji wa mkurugenzi, na kofia yake pana, naye akapewa kiti. Nafasi ikawa hakuna. Nukta akaambiwa atakwenda siku nyingine. Akasihi basi angalau wayachukue mawe, akamweleza mkurugenzi hatua kwa hatua namna ya kuyatumia, naye akawa anaitikia huku macho yako kwenye simu. Gari lilipoondoka nikalikuta sanduku la mawe koridoni. Dereva alikuwa ameamriwa kulishusha ili kreti ya soda ipate pa kukaa. Nikapiga simu. Wakanijibu kwamba mizani ikiwashwa inaonyesha sifuri, kwa hiyo ni nzima.

Sifuri. Hata mizani mbovu inaonyesha sifuri ikiwa haina kitu juu yake.

Baada ya miezi mitatu ikaja barua. Watu wa mlimani walikuwa wamegundua kwamba mizani inawadanganya uzito; matokeo ya vipimo vyao vyote wameyatupa, dawa ya majaribio wameimwaga, na walitaka kujua nani aliyekosea. Tukaitwa wote chumba cha mikutano. Mezani palikuwa na karatasi moja, imeshapigwa chapa, inayosema kosa ni la fundi. Nukta akiisaini, cheti chake kinafutwa, na hakuna kiwanda kitakachomruhusu kugusa mizani tena.

Mkurugenzi aliongea kwa upole, kama anayemnywesha mtoto dawa chungu. Kampuni ni familia, akasema, na katika familia mmoja huwabebea wengine. Nukta akashika kalamu. Ni mkono uleule unaoweka jiwe la miligramu bila kugonga. Nikasimama.

"Weka kalamu chini, mwanangu."

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu," mkurugenzi akasema. "Tuachie."

"Utaalamu gani, baba? Mawe uliyaacha koridoni, ukabeba soda. Na kama sisi ni familia, mbona kwenye soda hatukuwa ndugu?"

Mhasibu akakohoa kuficha kicheko. Mkurugenzi akajitia hamnazo, eti hakumbuki. Nikamwambia mimi nakumbuka, dereva anakumbuka, na nitawaandikia wa mlimani kwa mwandiko wangu huu wa shule ya msingi. Mwanangu hataangushiwa jumba bovu nami nikiwa hai.

Nukta akaisukuma ile karatasi. "Sisaini," akasema. "Nipeni gari niende nikaisawazishe."

Akaenda na mawe yake. Watafiti walisimama wakamtazama akipima, wakaona wenyewe kwamba mizani haikuwahi kusawazishwa pale, wakaiandikia kampuni hivyo hivyo. Cheti chake anacho.

Mkurugenzi siku hizi akinikuta ananiamkia kwa heshima zote, nami naitikia marahaba, kwa kuwa nililelewa. Lakini samahani kwa mwanangu hajaitoa mpaka leo. Kila asubuhi navuta kiti changu pale koridoni, mahali ambapo hawezi kupita bila kuniona, nakata sponji zangu, namsubiri.